Kutafuta Nasaba Katika Kijiji cha Kiingereza: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza na Jina Moja

Nimezaliwa Mwanza. Shuleni tulifundishwa kwamba ghuba iliyo mashariki ya mji inaitwa Ghuba ya Speke kwa sababu ya Mwingereza aliyeliona ziwa letu mwezi Agosti 1858. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba mtu yule naye alikuwa na kwao. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa Uingereza, mama mkwe alinipeleka Dowlish Wake, kijiji kidogo karibu na mji wa Ilminster, kusini mwa Somerset. Kuna kijito, kuna daraja jembamba la mawe lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo, na kuna kanisa la Mtakatifu Andrea. John Hanning Speke amezikwa humo. Nikamtazama kwa muda, tukatoka. Pale nje mama mkwe akanionyesha uwanja wa makaburi, upande usio na mawe, akasema, "Wa kwetu wako chini ya nyasi kama hizi, parokia ya pili kutoka hapa. Hakuna aliyewahi kuwatafuta."

Nikasema nitawatafuta mimi. Nilikuwa na jina moja la babu wa babu wa mume wangu, na neno "kibarua".

Haya ni mambo niliyojifunza, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mwanzoni. Nawaandikia hasa wenzangu wenye wakwe au watoto wenye damu ya huko, lakini mwanafunzi wa historia atayatumia pia. Swali moja litakusaidia kuliko programu yoyote ya kuchora mti wa ukoo: karatasi hii iliandikwa kwa nini, na fedha ya nani ilikuwa hatarini? Karibu kila karatasi ya kijiji cha Kiingereza ilizaliwa na kodi, zaka, kodi ya pango au posho ya maskini. Ukijua nani alikuwa analipa, utajua karatasi inaficha nini na inasema nini kwa uaminifu.

Kwanza ujue parokia ni kitu gani

Kwetu parokia ni kanisa na waumini wake. Kwa Mwingereza wa zamani ilikuwa ni eneo lenye mipaka, na kila aliyelala ndani ya mipaka hiyo alikuwa wake, awe mcha Mungu au mlevi. Hapo alibatizwa, hapo zaka ilidaiwa, na kuanzia sheria ya maskini ya 1601, hapo ndipo alipopaswa kulishwa akiishiwa. Uingereza ilikuwa na parokia za kale zaidi ya 10,000. Mwaka 1894 mabaraza ya parokia ya kiraia yakaundwa, kwa hiyo leo kuna parokia ya kanisa na parokia ya serikali, na mipaka yake haifanani kila mahali. Nyingine zimemezwa na jirani. Jirani ya Dowlish Wake palikuwa na West Dowlish, parokia yenye kanisa lake, ambalo leo halipo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mtu, tafuta mahali. Ingia GENUKI, tovuti ya watu wanaojitolea iliyopangwa kaunti kwa kaunti na parokia kwa parokia, usome ukurasa wa kijiji chako. Kisha nenda British History Online uone kama kijiji kimeandikwa katika historia kubwa ya kaunti za Uingereza iliyoanzishwa 1899 kwa heshima ya Malkia Victoria. Haijakamilika, lakini Dowlish Wake imo. Chukua ramani, weka ncha ya bikari kwenye kanisa, chora duara la kilomita kumi na tano. Vibarua walihamahama, ila walihama kwa miguu. Watu wako karibu wote wamo ndani ya duara hilo.

Hatua ya kwanza: waulize walio hai

Usimwambie mzee wa Kiingereza, "Nisimulie habari za ukoo wako." Atakuambia hakuna la maana. Mpelekee picha moja ya zamani, weka chai, uliza huyu ni nani na hii ni nyumba gani. Rekodi kwa simu kama ameridhia. Tazama nyuma ya picha na kurasa za mbele za Biblia ya familia, maana ndipo walipoandika vizazi na vifo.

Halafu usiamini kila kitu. Kila ukoo huko una babu mwenye damu ya kimwinyi aliyedhulumiwa urithi. Wa mume wangu alidhulumiwa mashamba matatu na kinu. Bado sijakiona hicho kinu.

Hatua ya pili: rudi nyuma hadi 1837

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Anza na mtu unayemjua kwa hakika, uende nyuma kizazi kimoja kimoja. Anayeruka vizazi hujikuta amepanda mti wa watu wengine.

Faharasa za bure ziko kwenye tovuti ya FreeBMD. Faharasa mpya ya ofisi kuu ya usajili, inayotazamwa kwenye tovuti ya ofisi hiyo kwa kujiandikisha tu, ni bora zaidi kwa jambo moja: kwa vizazi inaonyesha jina la ukoo la mama tangu 1837. Kwa hilo unaweza kukusanya watoto wote wa ndoa moja bila kununua cheti hata kimoja. Ukihitaji kununua, picha ya kidijitali, pale inapopatikana, ni nafuu kuliko cheti cha karatasi na habari ni zile zile. Kumbuka kwamba hadi sheria ilipokazwa kuanzia 1875, wazazi wengi hawakusajili mtoto na hawakuadhibiwa. Usipomwona, usimfute.

Cheti cha ndoa tangu 1837 kina majina ya baba wawili na kazi zao. Akina mama waliingizwa tarehe 4 Mei 2021. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Pamoja na vyeti, tumia sensa. Imefanyika kila miaka kumi tangu 1801, ila yenye majina ya watu wote kwa nchi nzima inaanzia 1841. Ile ya 1841 ina mtego: umri wa waliozidi miaka 15 ulitakiwa kushushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano iliyo chini yake, kwa hiyo mtu wa miaka 39 ameandikwa 35. Mahali pa kuzaliwa pia waliulizwa tu kama ni ndani ya kaunti hiyo au la. Ya 1851 ndiyo mlango mkubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza inataja uhusiano wa kila mtu na mwenye nyumba, na parokia aliyozaliwa. Mtu aliyezaliwa 1770 na akafa 1852 amekuachia anwani yake. Ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi na wangapi wamekufa, na wengi wakajibu hata pale wasipotakiwa. Mpaka sasa zinazosomeka zinaishia 1921. Ya 1931 iliteketea kwa moto 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo pengo huzibwa na orodha iliyoandikwa Septemba 1939.

Katika safu ya kazi utaona "Ag. Lab." ukurasa baada ya ukurasa. Ni ufupisho wa kibarua wa shamba. Katika Somerset ya kusini utamkuta mkewe ni mshona glovu, kazi iliyoletwa nyumbani kutoka kwa wafanyabiashara wa Yeovil na kulipwa kwa pea. Usilipite neno hilo. Glovu ndizo zilizonunua mkate wakati wa baridi, kibarua alipokosa siku za kazi.

Speke mwenyewe ni mfano mzuri wa jinsi mtu mmoja anavyotawanyika. Alizaliwa 1827 Orleigh Court, katika Devon. Kwao palikuwa Jordans, karibu na Ilminster. Alikufa Wiltshire tarehe 15 Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, akazikwa Dowlish Wake. Kuzaliwa kwake hakuna cheti, kwa kuwa ni kabla ya 1837. Usajili wa kifo hufuata mahali pa kifo, kwa hiyo uko Wiltshire. Maziko yako Somerset. Anayemtafuta katika kijiji kimoja tu atapata kaburi lake na kuukosa uhai wake.

Hatua ya tatu: madaftari ya kanisa

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu, nami nitakaa kidogo.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Watu walinung'unika, wakidhani ni njia ya kuwatoza kodi. Wengi waliandika kwenye karatasi hafifu, kwa hiyo mwaka 1598 ikaamriwa yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, Malkia Elizabeth alipoingia madarakani. Ndiyo maana madaftari mengi yanaanza 1558 na kurasa zake za mwanzo zina mwandiko wa mtu mmoja: huyo ni mnakili, si shahidi. Agizo hilo likataka pia nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Nakala za askofu ni dawa ya daftari lililoliwa na panya, na mara nyingine zina neno ambalo kasisi hakuliandika kwenye daftari lake. Soma zote mbili kila zinapopatikana.

Kati ya 1642 na 1660, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala usio na mfalme, madaftari mengi yana pengo. Ukikwama hapo, hukukosea. Kila mtu hukwama hapo.

Halafu kalenda. Mpaka 1751 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, sikukuu ya Mariamu kupashwa habari. Mtoto aliyebatizwa Februari 1720 kwa mwandiko wa kasisi, kwetu ni Februari 1721. Mwaka 1752 ndio wa kwanza kuanza Januari, na Septemba yake ilikatwa siku kumi na moja: baada ya tarehe 2 ikaja tarehe 14. Mtu wa pwani aliyezoea kuishi na Miladi, Hijria na Mwaka Kogwa kwa pamoja hatasumbuka. Andika tarehe kwa mtindo wa miaka miwili, yaani Februari 1720/1721, utajiokoa na kuzaa watoto kabla ya harusi.

Baada ya hapo madaftari yanazidi kunona. Kuanzia 25 Machi 1754 ndoa ilipaswa kufungwa katika kanisa la Kianglikana, kwa kutangazwa mara tatu au kwa leseni, na kuandikwa mahali pake pamoja na saini au alama za maharusi na mashahidi. Waliosamehewa ni Wakweka (madhehebu ya Kikristo ya Quaker) na Wayahudi tu, kwa hiyo hata Mbaptisti utamkuta hapo. Tazama mashahidi kwa makini: mara nyingi ni dada, shemeji au mjomba. Kati ya 1783 na 1794 kila mstari ulitozwa senti tatu za Kiingereza, na maskini walisamehewa kwa herufi P. Wengine waliharakisha kubatiza kabla ya kodi, wengine walingoja iishe. Kuanzia 1813 zikaja fomu zilizochapishwa: ubatizo ukawa na makazi na kazi ya baba, maziko yakawa na umri.

Maneno ya Kilatini si mengi. "Baptizatus" amebatizwa, "nupti" wameoana, "sepultus" amezikwa, "filius" na "filia" mwana wa kiume na wa kike, "vidua" mjane. "Spurius" ni mtoto wa nje ya ndoa, na "filius populi" maana yake mwana wa watu, yaani baba hajulikani au anajulikana na wote isipokuwa daftari. Mwandiko wa karne ya 16 na 17 utakutisha siku ya kwanza. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew ina masomo ya bure mtandaoni ya kuusoma. Fanya somo moja kwa siku kwa wiki mbili. Mpaka hapo utakuwa umezoea kwamba herufi inayofanana na "y" mwanzo wa neno inaweza kuwa sauti ya "th".

Mtandaoni, FreeREG ni ya bure na imenakiliwa na watu wanaojitolea. FamilySearch ni ya bure pia. Ancestry na Findmypast zinauzwa, lakini maktaba nyingi za umma Uingereza zinakuruhusu kutumia moja au zote bila malipo ukiwa ndani ya jengo. Faharasa yoyote ni mkalimani tu. Ukiona mstari unaokuhusu, fungua picha ya daftari lenyewe, soma ukurasa mzima, juu na chini. Majira ya baridi yenye maziko ishirini ya watoto hayaonekani kwenye faharasa.

Nilivyomfuata mtu asiyekuwa wetu

Nilikuwa na kibarua aliyeoa 1809. Nikampata ubatizo wake: jina lile lile, parokia ile ile, mwaka 1786, umri unalingana. Nikashangilia. Kwa miezi minane nikapanda naye, baba, babu, hadi fundi wa magurudumu wa miaka ya 1690, nikamchapishia mama mkwe karatasi nzuri, akaiweka ukutani.

Siku moja nikiwa napitia maziko ya kijiji kile kutafuta mtu mwingine kabisa, nikamkuta mtoto wangu wa 1786. Amezikwa 1788.

Ndugu wawili walikuwa wamewapa watoto wao wa kiume jina la babu mmoja, kama sisi tunavyofanya. Wa kwangu alikuwa mwana wa ndugu wa pili, aliyehamia parokia ya jirani na kumbatiza huko. Tangu hapo nina kanuni ambayo siivunji: simpandishi mtu kwenye mti kabla sijajaribu kumuua. Natafuta maziko yake utotoni, namtafuta akiwa ameoa mwanamke mwingine, natafuta majina yanayofanana katika duara lote. Akishindikana kufa, ni wetu. Mtoto akifa mapema, wazazi mara nyingi walimpa anayefuata jina lile lile, kwa hiyo ukiona ubatizo wa jina moja mara mbili kwa wazazi wale wale, tafuta kaburi katikati yake.

Mama mkwe hakuitoa ile karatasi ukutani. Anasema yule fundi wa magurudumu ana sura ya heshima.

Hatua ya nne: sanduku la parokia

Kila kanisa lilitakiwa kuwa na sanduku la nyaraka, na kwa kanuni za 1603 liwe na kufuli tatu, kasisi akiwa na ufunguo mmoja na walinzi wa kanisa wawili. Kilichokuwa ndani sasa kwa kawaida kiko kwenye hifadhi ya kaunti. Wengi hawafiki hapa, wanaridhika na majina na tarehe. Mimi nasema kazi inaanzia hapa, hasa kama watu wako walikuwa fukara, kwa sababu tajiri huacha mawe na maskini huacha hesabu.

Baada ya sheria ya 1601, kila parokia ilichagua wasimamizi wa maskini, wakakusanya kodi kwa wenye ardhi na kuigawa. Kila shilingi iliandikwa: jozi ya viatu kwa mtoto wa fulani, kuni kwa mjane, mkunga, sanda, bia ya mazishini. Mwanamke ambaye daftari la ubatizo linamtaja mara tatu tu maishani anaweza kuwa na mistari mia moja humu.

Na kwa kuwa ilikuwa fedha, parokia zilipigania kutolipa. Sheria ya 1662 ikaweka utaratibu wa ukazi: kila mtu ana parokia yake moja inayomwajibikia, na akihamia kwingine na kuonekana atakuwa mzigo, anaweza kurudishwa. Ukazi ulipatikana kwa kuzaliwa, kwa uanagenzi, kwa kupanga mahali pa pauni 10 kwa mwaka, kwa mwanamke kuolewa, na kwa kapera kuajiriwa mwaka mzima. Wakulima wajanja waliajiri kwa wiki hamsini na moja. Mtu alipoomba msaada mahakimu walimhoji kwa kiapo, na mahojiano hayo ndiyo dhahabu ya utafiti huu: kibarua asiyejua kuandika anasema amezaliwa wapi, alitumwa kwa nani akiwa na miaka kumi, alilipwa kiasi gani, alimwoa nani, watoto wangapi. Ni wasifu wa maisha yake, umeandikwa na watu waliotaka kumfukuza. Tafuta pia hati za ukazi, amri za kuondolewa, na dhamana za watoto wa nje ya ndoa. Parokia ilipoona binti mjamzito asiye na mume, ilimbana amtaje baba ili baba alipe. "Filius populi" wa daftari la kanisa mara nyingi ana baba mwenye jina na kazi katika dhamana hizo.

Kuanzia 1834 parokia ziliunganishwa katika miungano yenye nyumba za kazi za maskini, na nyaraka zikahamia huko.

Hatua ya tano: ardhi

Sheria ya 1836 ilibadili zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, na kwa ajili hiyo maelfu ya vijiji vilichorwa ramani. Kila kipande cha ardhi kina namba. Katika orodha inayokwenda na ramani, namba hiyo inakupa mwenye ardhi, anayeikalia, jina la shamba, kinachofanyika juu yake na ukubwa kwa eka, rudi na pechi (pechi 40 ni rudi moja, rudi nne ni eka). Nakala zilikuwa tatu: ya makamishna, ambayo iko Kew, ya askofu, na ya parokia. Somerset imebahatika kuwa nazo nyingi. Katika kaunti za katikati kama Northamptonshire ni chache, kwa kuwa zaka nyingi zilikwisha kumalizwa wakati mashamba ya pamoja yalipogawanywa na kuzungushiwa ua. Huko tafuta ramani na hati za mgawanyo huo.

Linganisha na ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la kuchora ramani, za miaka ya 1880, ambazo maktaba ya taifa ya Scotland imeziweka bure mtandaoni, hata za Uingereza. Inakuwezesha kuweka ramani ya kale juu ya picha ya setilaiti na kuifanya iwe angavu. Hivyo ndivyo nilivyopata kibanda chetu: kipande cha chini ya robo eka, nyumba na bustani, mwenye ardhi mwinyi wa kijiji, mkaaji yule yule kibarua wa 1809, sasa mzee. Leo ni kona ya shamba la nyasi.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi, kodi ya meko ya 1662 hadi 1689 inahesabu sehemu za moto katika kila nyumba, na mabuku ya mahakama ya mwinyi yanaandika nani alirithi kipande gani. Mengi ya mabuku hayo ni Kilatini hadi 1733. Mimi humlipa mtu.

Wosia, na moto wa Exeter

Kabla ya 12 Januari 1858 wosia zilithibitishwa na mahakama za kanisa. Baada ya hapo ni za serikali na faharasa yake ni nyepesi. Kwa Somerset kuna msiba: wosia za jimbo la Bath na Wells zilikuwa zimehifadhiwa Exeter, na mabomu ya Wajerumani ya Mei 1942 yaliteketeza karibu zote. Zilizopona ni nakala za ofisi ya kodi za 1812 hadi 1857, zile za mahakama kuu ya Canterbury zilizokuwa kwingine, na dondoo za watafiti waliowahi. Usipoteze wiki kutafuta kilichoungua. Mwanamke mwenye mume, kabla ya sheria ya 1882, kwa kawaida hakuacha wosia bila ridhaa ya mumewe, kwa hiyo watafute wajane.

Historia ya nchi ikipita mlangoni

Mwaka 1685 Duke wa Monmouth, mwana wa nje ya ndoa wa Mfalme Charles II, aliasi dhidi ya mfalme mpya. Wanaume wengi wa vijiji hivi walimfuata hadi wakavunjwa Sedgemoor tarehe 6 Julai. Jaji Jeffreys akaja. Mamia walinyongwa, mamia zaidi wakauzwa visiwa vya Karibi. Charles Speke, wa ukoo ule ule, alinyongwa Ilminster. Kama mtu wako anatoweka Somerset kiangazi cha 1685 bila maziko, kuna orodha za waliokosekana majumbani mwao, na orodha za waliosafirishwa. Ninachotaka uone ni kwamba pengo kwenye daftari nalo lina tarehe. Iandike, kisha uulize nini kilikuwa kinatokea wiki ile.

Na ukimwona Mwafrika, usishangae. Katika uwanja wa kanisa la Henbury, wakati huo kijiji nje ya Bristol, kuna kaburi la Scipio Africanus, mtumishi aliyekufa Desemba 1720 akiwa na miaka 18. Madaftari ya Somerset, Devon na kwingineko yanao wengine, kwa kawaida mstari mmoja, jina walilopewa na rangi yao. Nakili mstari huo wote, hata kama si ukoo wako, uwapelekee hifadhi ya kaunti. Wengi wa waliokwishajulikana walipatikana hivyo, na mtu aliyekuwa anatafuta kitu kingine.

Siku ya kwenda hifadhini

Nyaraka za kaunti hii ziko kituo cha urithi cha Somerset, pembeni mwa Taunton. Popote uendapo, agiza nyaraka mapema, beba kitambulisho chenye anwani, beba penseli maana kalamu ya wino hairuhusiwi, na acha mkoba kwenye kabati. Uliza bei ya kupiga picha kwa simu. Piga picha ya jalada lenye namba kabla ya kurasa, la sivyo jioni utakuwa na picha mia mbili za hujui-nini. Mwambie mhudumu unatafuta nini kwa sentensi mbili, bila kumsimulia ukoo mzima.

Makaburini, usikwangue mawe wala usipake chaki. Ule utando wa kijani na kijivu una umri mkubwa kuliko bibi yako na jiwe chini yake ni laini. Nenda asubuhi au jioni jua likiwa chini, au mulika tochi kwa upande. Maandishi yatainuka yenyewe. Mtafute mlinzi wa kanisa. Huyo ndiye anayejua ramani ya makaburi iko kabati gani.

Nyumbani weka daftari la utafutaji. Andika ulichopata, na kwa uzito ule ule andika ulichotafuta ukakikosa, miaka gani, chanzo kipi, tarehe gani. Usiweke mtandaoni habari za walio hai bila ruhusa yao.

Kwenye daftari langu mstari wa juu kabisa unasema: mke wa kibarua, maziko, 1813 hadi 1841, hayakuonekana, parokia tano zimekwisha. Ya sita madaftari yake hayajawekwa kwa picha. Nimeagiza la maziko kwa Ijumaa, na mama mkwe amesema atakuja na miwani yake.